Walinzi wa Dakika ya Kumi

Kazini wananiita Kijani. Si kwa sababu ya shati wala timu ya mpira. Mteja akipiga simu kulalamika kwamba seva yake imekuwa nzito, mimi hufungua grafu ya mzigo wa mashine, huitazama, kisha humjibu: "Huku iko kijani." Kwa miaka tisa nimejibu hivyo, na mara nyingi tatizo huwa ni waya uliolegea chini ya meza, au kompyuta iliyochoka, au mteja mwenyewe. Jina hilo lilinikaa vizuri na nililipenda.

Kampuni yetu hukodisha seva. Tuna mashine kubwa kumi na moja katika chumba cha baridi kali, na kila moja tumeigawa kwa programu ikawa seva ndogo ndogo arobaini au hamsini. Kila mteja anajiona ana mashine yake peke yake. Hana. Ni jengo lenye tangi moja la maji juu ya paa: kila mmoja ana bomba lake, lakini wote wakifungua kwa pamoja wanabaki wakitazama matone. Wateja tunawaita wapangaji, ila si mbele yao.

Dada yangu alikuwa mpangaji wa mashine namba saba. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitano, na ni mkuu wa ofisi ya kumbukumbu katika kliniki ya figo. Kliniki ina viti kumi na viwili, kila kiti pembeni ya mtambo wa kusafisha damu, na kila mgonjwa hukaa hapo saa nne, mara tatu kwa wiki. Asiyepata kiti siku yake, maji yanambakia mwilini. Miguu inavimba, kifua kinabana. Kwa hiyo kugawa viti ni kazi isiyotaka mchezo, na inafanywa kwa mfumo ambao ulikuwa unakaa kwetu, kwenye mashine namba saba. Kamati ya kliniki ilitaka kuupeleka kwa kampuni kubwa zaidi. Dada alisimama akasema mdogo wake yuko hapa, anajua kazi, na yeye anamdhamini.

Halafu kwa miezi saba mfumo ukawa unaganda. Ukiganda, dirisha la kwanza la mapokezi halijui dirisha la pili limempa nani kiti. Yote mawili yanaona kiti namba nne kiko kitupu, yote mawili yanakitoa. Wagonjwa wawili, kiti kimoja. Mmoja anarudishwa nyumbani.

Jumatatu asubuhi dada alinipigia simu.

"Mdogo wangu, Alhamisi saa sita kamati inakaa. Ajenda ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikuleta wewe."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Wanataka kunitoa kwenye ofisi," alisema. "Wanasema nimejua shida miezi saba nikanyamaza, kwa sababu ni ya ndugu yangu. Wanasema nimekuficha."

"Lakini dada, nimeangalia sasa hivi. Iko kijani."

"Najua iko kijani. Umeniambia kijani tangu mwezi wa pili. Njoo ukae hapa asubuhi moja, uione hiyo kijani yako."

Niliudhika, nakiri. Hakuna kinachomuudhi fundi kama kuitwa kwenda kuona kitu ambacho tayari anakiona kwenye kioo mbele yake. Tena si kwamba nilikuwa nimekaa bure miezi yote hiyo. Katika kazi yetu, sababu isipoonekana, tunamsingizia jirani. Mashine namba saba ilikuwa na mpangaji mmoja mwenye video nyingi za harusi, nikamwona huyo ndiye mnywa maji, nikamhamishia mashine namba tatu. Hakuna kilichobadilika. Baada ya hapo nikaweka mlinzi.

Mlinzi ni programu fupi, mistari ishirini hivi. Inaamka kila baada ya muda, inapekua rekodi za diski, inahesabu kilichochelewa, inaandika ilichokiona, inalala tena. Ni desturi ya kampuni yetu, na Bosi aliifanya kuwa sheria: kila lalamiko, mlinzi. Fundi anayepokea simu huweka mlinzi wake papo hapo, kisha humwambia mteja, "Tumekuwekea mlinzi." Wateja hupenda sana sentensi hiyo, wanakata simu wametulia. Sheria ya siku gani mlinzi anastaafu haikuwahi kuandikwa. Dada alilalamika mara nyingi, nami nilimwekea walinzi wengi, kwa roho safi.

Jumanne nikaenda. Nilifika kabla ya saa moja, nikapewa kiti nyuma ya dirisha la kwanza, ubavuni mwa mama wa mapokezi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwenye mabenchi walikaa watu kama kumi na tano, wengi na blanketi mapajani, maana mtambo ukisafisha damu mwili unapata baridi. Wamepangiwa kufika kila nusu saa: saa moja kamili, saa moja na nusu, saa mbili kamili. Nilifungua kompyuta yangu nikaweka grafu. Kijani.

Ilipokaribia saa moja, mama wa mapokezi aliitazama saa ya ukutani, akaondoa mikono kwenye kibodi, akachukua chupa yake ya maji.

"Sasa inalala," alisema.

Ikalala. Kioo chake kiliganda, kidude cha kusubiri kikawa kinazunguka. Alikunywa maji taratibu, akafunga chupa, akafuta midomo, na mfumo ukaamka. Niliangalia saa yangu. Dakika moja na nusu.

"Mama, umejuaje?"

"Ni saa moja kamili, mwanangu. Italala tena na dakika kumi. Halafu na ishirini. Huwa hivyo."

"Umeshamwambia mtu?"

"Nilimwambia dada yako zamani. Akasema amekwambia."

"Hajaniambia," nilisema.

Mama wa mapokezi alinitazama juu ya miwani, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nilikaa nikihesabu. Saa moja na kumi, ikalala. Na ishirini, ikalala. Grafu yangu ilikuwa kijani muda wote, na mara ya tano nilianza kuiona kama mtu anayetabasamu kwenye msiba. Mama alikuwa amejifunza kusubiri, lakini mwenzake wa dirisha la pili alikuwa na foleni yake na wasiwasi wake, anabonyeza tu. Saa mbili kamili kiti namba tisa kilitoka mara mbili. Dirisha moja lilimpa mwanamke aliyekuwa tayari ameshakunja mkono wa blauzi. Jingine lilimpa mzee mwembamba ambaye wote pale walimwita Fundi, mshonaji wa siku nyingi, aliyekuja na mto mdogo alioushona mwenyewe wa kuegemeza mkono.

Mwanamke alikuwa amekwishakaa. Fundi akaambiwa arudi kesho.

"Ya pili hii mwezi huu," alisema. Hakupaza sauti. Aliketi karibu na dirisha akalegeza kamba za viatu, kwa sababu miguu ilikuwa imejaa mpaka ngozi inang'aa. Kisha akaniona.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, mzee. Ni fundi."

"Wa nini?"

Nilinyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Aa. Basi tuko mafundi wawili." Aliweka mto wake mapajani. "Mimi mteja akirudisha suruali akasema inambana, huwa naipima kwanza. Ndiyo namwambia amenenepa."

Mama wa mapokezi alicheka kwa pua.

Dada akatoka ofisini. Hakunisalimu. Alichuchumaa mbele ya Fundi, akambonyeza kwenye kifundo cha mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale kidole kilipokuwa. Aliliangalia mpaka likajaa. "Twende kwa daktari, baba," alimwambia. "Nitakuombea kiti cha mchana." Alimshika mkono, akambebea mto. Walipopita karibu yangu aliuliza, "Umeiona kijani?" na hakusimama kusubiri jibu.

Nilirudi kazini bila kula. Nilifunga grafu, jambo ambalo sikumbuki nililifanya lini mara ya mwisho, nikaingia moja kwa moja ndani ya mashine namba saba nikaitazama ikifanya kazi. Saa sita na dakika nane ilikuwa shwari. Na tisa, shwari. Ilipogonga saa sita na dakika kumi, kioo changu kilijaa majina kuanzia juu mpaka chini, na diski ikazidiwa palepale.

Walikuwa walinzi. Mia mbili na kumi na wawili.

Walikuwa wameamka wote kwa pamoja, kila mmoja anapekua rekodi zilezile kwenye diski ileile, wanagombania mlango mmoja. Wengine walikuwa wanamlinda mpangaji aliyehama miaka mitatu iliyopita. Wawili walikuwa wanamlinda yule wa video za harusi, ambaye mimi mwenyewe nilimhamisha. Na wote walikuwa wamewekewa dakika kumi, kwa sababu mafundi tunapenda namba zinazoishia na sifuri, na kumi ndiyo inayokuja kidoleni bila kufikiri. Kila mlinzi hubeba jina la aliyemweka. Mia moja na arobaini na mmoja walikuwa na jina langu.

Kwa hiyo kila dada alipolalamika niliongeza mzigo, na kila mzigo ulipoongezeka alilalamika.

Bado kulikuwa na swali la grafu. Nilichimba mpaka nikaukuta mstari unaoiambia grafu ichukue vipimo wakati gani. Inapima kila baada ya dakika kumi, lakini kuanzia dakika ya tano: na tano, na kumi na tano, na ishirini na tano. Yaani inachungulia pale tu walinzi wote wamelala. Pembeni ya mstari kulikuwa na maelezo ya miaka minne nyuma: "Grafu inaonekana vibaya kwenye dakika za kumi. Imesogezwa." Jina langu. Niliikumbuka siku hiyo vizuri. Bosi alikuwa anataka grafu ya kutundika ukutani kwenye chumba cha wageni, na vile vinundu vyekundu vilikuwa vinachafua picha. Niliviondoa kwa mstari mmoja, nikaenda kunywa chai.

Nilifuta walinzi wote mia mbili na kumi na wawili. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii. Saa saba kamili mashine ilipita bila kutikisika.

Ningeishia hapo ningekuwa nimelala vizuri. Lakini kazi ikikamilika lazima malalamiko yafungwe, moja baada ya jingine, na ya dada, aliyoyatuma kwa maandishi, yalikuwa kumi na tisa. Nilianza na la zamani zaidi. La tatu, la mwezi wa tatu, lilisema hivi:

"Kuna jambo. Tangu uweke hicho cha kutazama, imezidi. Mama wa mapokezi anasema ni kila dakika kumi, ukifika tu muda. Naomba uangalie."

Chini yake kulikuwa na jibu langu, lililotumwa dakika mbili baadaye: "Haiwezekani. Mlinzi hawezi kuleta uzito. Huku iko kijani." Na chini kabisa: limefungwa.

Niliona aibu. Dada hakujua programu hata moja, lakini alikuwa ametaja sababu na saa yake, kwa mistari miwili, miezi sita kabla yangu. Na kitu kingine kilinijia bila kukiita. Nyumbani, tukiwa wadogo, dada alikuwa akisema tangi linavuja, na baba alikuwa akinigeukia mimi: eti kweli? Nami nilikuwa nikisema hapana, bila kutoka nje. Baba aliridhika. Siku moja ukuta wa jikoni ulilowa mpaka ukabomoka kona, na hata hapo hakuna aliyemwambia dada kwamba alisema kweli.

Halafu nikakaa nikawaza kitu kingine zaidi. Ujumbe ule dada anao. Kila lalamiko hurudishwa kwa mteja kwa barua pepe, na dada hatupi karatasi wala barua. Kamati inamshtaki kwamba alinyamaza, naye ana ushahidi kwamba hakunyamaza, na hajautoa. Angeutoa, jina lililo chini ya "haiwezekani" ni la mdogo wake, na unga wangu ungemwagika.

Jumatano saa tatu asubuhi nilimpigia.

"Imepita saa moja kimya," alisema. "Saa mbili kimya. Sasa hivi saa tatu, kimya. Ilikuwa nini?"

"Nitakuja kuwaeleza kesho kwenye kamati."

"Nieleze mimi."

"Kesho, dada."

Ulikuwa woga mtupu. Nilimwambia Bosi badala yake, kwa sababu Bosi ni rahisi kumwambia. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Kesho waambie ni jirani," alisema. "Mpangaji mwenye matumizi makubwa, tumemhamisha, tunaomba radhi. Jirani hakuna anayemjua, wala hakuna wa kumtetea. Ukisema walinzi, umesema sisi."

"Na dada?"

"Dada yako ni mtu mzima. Mfumo sasa unakwenda. Watapoa."

Alhamisi saa sita tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha kliniki, meza ndefu, viti vya plastiki, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Walikuwa watu watano wa kamati, na mwenyekiti wao alikuwa daktari mkuu, mwanamke mwenye sauti ya chini. Dada alikaa mwisho wa meza na daftari. Katibu wa kamati ni yeye, na hata ajenda ikiwa yeye mwenyewe, hakuna mwingine pale anayejua kuandika muhtasari.

"Swali la kwanza ni kwako, katibu," alisema daktari mkuu. "Ulijua shida tangu mwezi wa pili. Kwa nini hatuoni mahali ulipoandika kwa kampuni kwa uzito unaostahili? Tunaona umesema 'nimepiga simu' tu."

"Nilipiga simu," alisema dada. Aliandika swali, akaandika jibu lake.

"Hukuandika?"

Dada aliangalia daftari. "Nilipiga simu."

Sikuwahi kumsikia dada yangu akisema uongo. Alisema vibaya, kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake. Mjumbe mmoja akapumua kwa nguvu na kuegemea nyuma, na nikaona kwamba wameshaamua.

"Aliandika," nilisema.

Nilitoa karatasi niliyokuwa nimeichapa. Niliusoma ujumbe wake wote, na tarehe, na saa. Kisha nikasoma jibu, na jina lililokuwa chini yake. Nikawaeleza habari ya walinzi, walikuwa wangapi, nani aliwaweka, na kwamba hapakuwa na jirani yeyote. Nikawaeleza na ile grafu. Niliongea kama ninavyoongea na wateja, bila kupandisha wala kushusha, maana ningeacha sauti ifanye inavyotaka isingefika mwisho.

Daktari mkuu aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe.

"Alikuandikia kwamba ni kila dakika kumi. Ukamjibu haiwezekani, baada ya dakika mbili." Aliiweka mezani. "Katika hizo dakika mbili, uliangalia?"

"Sikuangalia."

Kalamu ya dada ilisimama. Muda wote ilikuwa ikikimbia kwenye daftari, na sasa ilisimama, na hakuna aliyemharakisha.

"Rudia," alisema, bila kuinua uso. "Niandike kama ulivyosema."

Nikarudia, taratibu, neno kwa neno, na yeye akaandika.